Dubu wa Taiwan na Simu za Homa Bay

Bochaberi Ombui alifika Homa Bay akiwa tayari na hasira, kwa hiyo Momanyi asibebeshwe yote.

Kwa miaka kumi na moja aliishi Awendo akichora mabango. Ukipita pale sokoni zamani ukaona ng'ombe mwekundu kwenye ukuta wa bucha, aliyegawanywa kwa mistari kuonyesha nyama ya kila sehemu, uliiona kazi yake. Alichora vichwa vya wanawake wenye misuko kwenye saluni na jino lenye mizizi mitatu kwa daktari wa meno. Trekta za miwa zilipita zikirusha vumbi kwenye rangi mbichi. Yeye alishuka ngazi, akapangusa, akapanda tena. Kazi hiyo alifunzwa na mjomba wake, Angwenyi, ambaye alimwonyesha jinsi ya kukata viboksi: unachora mistari ya kukatizana juu ya picha ndogo, unachora mingine mikubwa ukutani, kisha unahamisha kiboksi kimoja baada ya kingine mpaka ng'ombe wa kidole amekuwa ng'ombe wa ukuta.

Halafu kampuni zikaja na malori ya rangi. Mwenye duka alipakiwa rangi ukutani bure, mradi ukuta wote uwe wa rangi ya kampuni na jina la kampuni liwe kubwa kuliko lake. Mtaa mmoja ukawa wa kijani, mwingine mwekundu. Asubuhi moja Bochaberi alisimama ng'ambo ya barabara akaangalia kijana wa kofia mpya akipitisha brashi ya gurudumu juu ya jicho la ng'ombe wake. Mwenye bucha alimwambia, bila ubaya wowote, kwamba cha bure hakikataliwi. Bochaberi alienda nyumbani akaosha brashi zake zote, hata zile zilizokuwa safi.

Ndipo akasikia kwa watu wa kanisani kwamba kuna kazi ya simu Homa Bay.

Mwenye kazi alikuwa Momanyi, mwanamume wa miaka thelathini na kitu, Msabato mwenzake, mpole wa sauti na mwenye viatu vinavyong'aa. Alikodi chumba ghorofa ya pili, juu ya duka la dawa za mifugo, dirisha likitazama ziwa na magugu maji yake. Ndani kulikuwa na meza ndefu, watu kumi na wawili, na simu sitini. Kila mtu alipewa simu tano na karatasi.

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kueleza. Mtandaoni kumefunguliwa ubao mmoja mkubwa sana, Momanyi alisema, na mtu yeyote duniani mwenye akaunti anaweza kuweka kiboksi kimoja cha rangi popote anapotaka, hata juu ya cha mwenzake. Akishaweka, anasubiri dakika tano ndipo aweke kingine. Ubao ulifunguliwa Jumanne, utafungwa Jumapili saa sita mchana. Kwa sababu kiboksi kimoja si kitu, watu huungana kwa maelfu ili wapate picha moja. Wao wafuate karatasi tu: namba ya mstari, namba ya safu, rangi. Ukiwa na simu tano, kila dakika simu moja inakuwa tayari. Mwenye kulipa ni nani? Momanyi alisema hata yeye anaongea na mtu anayeongea na mtu.

Jumanne Bochaberi aliweka viboksi vyekundu. Jumatano vyeupe. Wenzake waliona namba. Yeye alikuwa amekaa miaka kumi na moja akisoma viboksi, na Jumatano kabla ya chakula cha mchana aliona kwamba kile wanachokifunika kwa rangi nyeupe ni kikombe. Kilikuwa kikombe kirefu chenye mrija, na chini yake kulikuwa na punje nyeusi zimerundikana kama mayai ya chura. Kimechorwa vizuri. Mtu aliyekichora alijua kuweka kivuli upande mmoja tu.

Aliinua kichwa, akaangalia wenzake, akarudi kwenye karatasi. Akaendelea kufunika.

Alhamisi karatasi iliwapeleka juu zaidi. Waliyeanza kumfunika sasa alikuwa dubu, mweusi wote, ila kifuani ana alama nyeupe kama mwezi mwandamo. Karibu naye palikuwa na jengo refu kama madebe yaliyopandishwa moja juu ya jingine, na nyuma yao bendera nyekundu yenye kona ya bluu na jua jeupe. Kila Bochaberi alipoweka kiboksi juu ya sikio la dubu, kilikaa sekunde chache, kisha cheusi kikarudi. Aliweka tena. Kikarudi tena. Kulikuwa na mtu upande wa pili, macho yake yako pale pale, anapangusa na kupanda ngazi.

Mchana huo hakula. Alikaa kwenye ngazi za nje na simu yake mwenyewe, pamoja na Liz, mmoja wa wale kumi na wawili, msichana wa Homa Bay aliyekuwa akimpa mahali pa kulala wiki hiyo. Liz alijua kutafuta vitu mtandaoni. Hawakuchukua muda kupata ukurasa wa watu wa dubu. Walikuwa Wataiwani. Kulikuwa na mtu aliyeeleza kila picha kwa wageni, kwa Kiingereza chepesi. Dubu huyu anaishi kwenye milima yao na wamebaki wachache. Kikombe ni chai ya maziwa, na zile punje ni unga wa muhogo. Jengo ndilo refu kuliko yote kwao. Kuhusu bendera maelezo yalikuwa mafupi: wanariadha wetu wakienda Olimpiki hawaruhusiwi kuibeba hii, wala kuitwa kwa jina la kwetu, kwa hiyo tafadhali tusaidie kuiweka hapa.

Bochaberi alisoma sentensi hiyo mara tatu. Alitoka katika nchi ambayo mtu akishinda mbio anapewa bendera kabla ya maji. Alijaribu kumwona msichana wa kwao amemaliza mita elfu kumi, kifua kinapanda na kushuka, anageuka kuitafuta bendera ya kwao na anaambiwa chukua hii nyingine. Damu ilimpanda mpaka masikioni.

"Auntie," Liz alisema, "hawa si ndio tunawafuta?"

"Ndio hawa."

Alipanda juu akamwendea Momanyi mbele ya watu wote. Alimuuliza kama anajua kilicho chini ya karatasi zake. Momanyi alisema rangi ni rangi. Alipobanwa, alisema si shida yao, hiyo Taiwan hata serikali yetu haiitambui kama nchi, mtu akitaka kubishana aende ubalozi. Watu wawili walicheka. Bochaberi alimwambia kwamba yeye hakuajiriwa na wizara ya mambo ya nje.

"Dada," Momanyi akasema kwa ile sauti yake ya upole, "ni mchezo wa watoto. Jumapili utafungwa. Nani atakufa?"

Hilo ndilo lililomkera kuliko yote, na alirudi kiti chake kwa sababu alijua akibaki amesimama atarusha kitu. Kama ni mchezo wa watoto, nani anakodi chumba? Nani ananunua simu sitini kuziba mdomo wa watoto wanaocheza? Mtu mahali fulani alikuwa ameogopa picha ya dubu kiasi cha kutafuta mikono ya watu maskini ng'ambo ya bahari, na mikono yenyewe ndiyo hii, ina rangi ya mafuta kwenye kucha.

Siku hiyo alimaliza zamu yake. Mimi simfichi, alimaliza.

Ijumaa asubuhi Momanyi aligawa karatasi mpya, ndefu kuliko zote, juu yake imeandikwa kwa kalamu "Ijumaa jioni". Alieleza kwamba Taiwan wako mbele yetu kwa saa tano. Ikifika saa mbili usiku hapa, kule ni saa saba, wamelala. Kwa hiyo leo zamu itaanza mchana na kuendelea mpaka saa nane za usiku, na dubu ataondoka mara moja, pamoja na bendera. Bochaberi aliuliza kuhusu Sabato, kwa kuwa jua likizama Ijumaa Sabato imeingia, na Momanyi anajua hivyo tangu akiwa mtoto. Momanyi alisema wenye Sabato watoke saa kumi na mbili, ameshapata wengine wa kushika simu zao.

"Na wewe?" Bochaberi aliuliza.

"Mimi sitagusa simu. Nitakuwa tu hapa."

Bochaberi aliikunja ile karatasi mara mbili, akaenda nayo chooni, akaipiga picha pande zote. Aliporudi aliiweka mezani, akavaa sweta yake na kumwambia Momanyi kwamba ameacha kazi. Liz naye alisukuma simu zake tano katikati ya meza, akamfuata bila kuaga.

Walikaa chini ya mabati ya duka lililofungwa, karibu na wanawake wanaoanika omena, dagaa wa ziwani, wakaweka picha ya karatasi kwenye ukurasa wa Wataiwani. Bochaberi aliandika kwa Kiingereza alichonacho: usiku wenu watakuja, namba ni hizi, msilale.

Hawakumwamini. Mmoja alisema huu ni mtego wa kuwatoa kwenye kikombe ili kikombe kiliwe. Mwingine alisema jasusi. Mwingine alimwita roboti, na hapo Liz alilazimika kumshika mkono asiandike alichotaka kuandika. Alikuwa ameacha mshahara wa wiki na kuvunja neno na mtu wa kanisa lake, na sasa anatukanwa na watu anaowaokoa. Alisimama, akatembea mpaka ukingo wa maji, akarudi.

Aliyemwokoa ni mwanamke aitwaye Shu-fen, mwalimu wa kuchora katika shule ya msingi. Shu-fen hakumtukana wala kumsifu. Aliandika: kama karatasi ni ya kweli, niambie viboksi kumi vitakavyofuata kabla havijawekwa. Bochaberi alitazama karatasi. Zamu ya mchana ilikuwa imeanza. Alimwandikia kumi, kwa mpangilio, na rangi zake. Wakangoja. Cha kwanza kilianguka kwenye ukucha wa dubu, kama ilivyoandikwa. Cha pili, cha tatu. Kilipoanguka cha saba, watu wa ukurasa wakaanza kuandika kwa lugha yao, haraka sana, mistari mia kwa dakika, na Bochaberi hakuelewa hata neno moja.

Shu-fen akamuuliza, "Utakaa nasi mpaka saa ngapi?"

Bochaberi aliangalia jua. Lilikuwa limeshuka juu ya ziwa kwa upana wa viganja viwili.

"Mpaka jua lizame," aliandika. "Baadaye ni siku ya Mungu. Siwezi."

Aliweka viboksi vyeusi kwa simu yake, kimoja kila dakika tano, mpaka saa kumi na mbili na nusu. Kisha akaizima simu na kumpa Liz aiweke kabatini. Liz si Msabato. Alimwambia Auntie alale, yeye ataendelea na yake.

Ile Sabato Bochaberi aliishika kama mtu anavyoshika kaa la moto. Kanisani alikaa safu ya tano, na safu ya kwanza alikaa Momanyi, suti ya kijivu, Biblia imefunguliwa magotini, macho mekundu ya mtu aliyekesha. Wimbo ulipoimbwa aliimba sauti ya tatu, tena vizuri. Bochaberi aliangalia shingo yake kuanzia shule ya Sabato mpaka baraka ya mwisho, na nikimuuliza leo mahubiri yalihusu nini, hajui.

Nje, watu wakiamkiana, alimsogelea. Momanyi alimwahi.

"Dada Bochaberi, leo si siku ya mambo ya kazi."

"Jana saa moja jioni ilikuwa siku gani?"

Mama mmoja aliyekuwa akimpa Momanyi mkono aliurudisha mkono wake. Momanyi alisema atampigia simu, akaenda kumfungulia mke wake mlango wa gari.

Jua lilipozama Jumamosi, Liz alileta simu, na uso wake haukuwa uso wa furaha tupu. Dubu alikuwepo. Wataiwani hawakulala, walikesha kwa zamu, pamoja na wanafunzi, madaktari, na bibi wa miaka sabini aliyefunzwa na mjukuu wake kubonyeza rangi nyeusi. Dubu alipoteza sikio moja na sehemu ya mguu. Jengo lilikatwa kilele. Kikombe kilipotea chote, na bendera ilibaki nusu ya juu, kona ya bluu na jua lake. Kwa usiku wa simu sitini, hilo lilikuwa ni kushinda.

Lakini kwenye ukurasa wao walikuwa wamejua maneno "Ijumaa jioni" ni Kiswahili. Wakajua simu zilikuwa Kenya. Mtu mmoja aliandika kwamba Wakenya hununuliwa kwa bei ya kikombe cha chai, na watu mia nne wakamuunga mkono. Chini yake Mkenya fulani wa Nairobi alikuwa amejibu kwamba huo ni uongo, hakuna Mkenya anayeweza kufanya hivyo.

Bochaberi aliyasoma yote mawili, na hakujua lipi limemchoma zaidi. La kwanza lilikuwa tusi. La pili lilikuwa uongo, na uongo huo ulimlinda yeye.

Liz alimsihi aache. Alisema hakuna anayewajua, wametenda mema, yaishie hapo. Bochaberi alisema kama ataficha, basi Momanyi amemfunza kazi. Akaandika, na Liz akamsaidia na tahajia: "Jina langu ni Bochaberi Ombui, mchoraji wa mabango, Awendo, Kenya. Nilikuwa mmoja wao kwa siku tatu. Nilijua ni kikombe tangu Jumatano. Aliyetuma karatasi hakutuambia jina lake. Mimi nimewaambia langu. Mtafuteni yeye naye aseme lake."

Wengi walimtukana. Wengine walimshukuru, na mmoja akapendekeza wamchoree bendera ya Kenya ndogo kando ya dubu. Hilo nalo lilimkasirisha. Aliwajibu kwamba hakuja kuombewa nafasi, waweke nafasi hiyo kwa sikio la dubu. Shu-fen aliuliza jambo moja tu, kwamba yeye mwenyewe aliweka vingapi juu yao. Bochaberi alikuwa amehesabu, kwa tabia ya kazi. Akaandika: elfu moja mia mbili na kumi. Shu-fen akaandika kwamba ni vingi, na kwamba kesho asubuhi watamhitaji upande wa sikio.

Jumapili, kuanzia saa moja asubuhi, Bochaberi na Liz walikaa mlangoni wakiweka viboksi. Kimoja kila dakika tano, simu moja kila mtu. Ukihesabu, asubuhi nzima walirudisha kama mia na ishirini. Watu wengine maelfu walirudisha vilivyobaki. Sikio lilikamilika, kilele cha jengo kikarudi, na bendera ikafika chini kabisa dakika chache kabla ya saa sita, ingawa mstari mmoja wa mwisho ulikuwa na viboksi vyeupe vilivyoachwa na mtu. Kikombe hakikurudi, mahali pake tayari palikuwa na picha ya watu wengine, na Wataiwani walikubaliana wasiwafute. Saa sita ikafika, ubao ukagoma kupokea rangi, ukabaki hivyo.

Liz alipiga makofi. Bochaberi alisema bado.

Jumatatu alipanda zile ngazi za juu ya duka la dawa za mifugo. Momanyi alikuwa akikusanya simu kwenye maboksi, na watu kumi walikuwa wamekuja kuuliza kama kuna kazi nyingine. Momanyi alimwambia atoke. Bochaberi alisema atatoka akimaliza, na akaweka simu yake katikati ya meza, picha ya ubao imefunguliwa. Akawaonyesha dubu, jengo, bendera ya watu wanaoshindana bila kuibeba, na mahali palipokuwa na kikombe cha punje za muhogo, akakiri kwamba alikiona tangu Jumatano. Akamgeukia Momanyi.

"Uliniuliza nani atakufa. Hakuna aliyekufa. Lakini ulichukua watu kumi na wawili wenye akili zao, ukawafanya vidole vya mtu asiye na uso, na hukuwaambia. Hilo ndilo nisilokusamehe."

Momanyi alisema yeye pia hakuambiwa. Ilikuwa kweli, labda. Aliendelea kufunga maboksi kwa gundi ya karatasi.

Mwenye umri mkubwa kuliko wote pale alikuwa Nchagwa, mkulima wa Kegonga aliyeteremka kutafuta kazi baada ya mvua kumharibia mahindi. Aliichukua simu ya Bochaberi, akaisogeza karibu na macho, akaangalia pale palipokuwa na kikombe.

"Unasema punje zile ni muhogo?"

"Ni muhogo."

"Sisi tunalima muhogo," Nchagwa alisema. Kisha akamrudishia simu. "Mama, wewe uliona Jumatano. Mimi sikujua kusoma hivi viboksi. Mbona hukuniambia Jumatano?"

Chumba kizima kilimwangalia. Wiki hiyo Bochaberi alikuwa na jibu kwa Momanyi, kwa Wataiwani na kwa yule wa Nairobi, na kwa hili hakuwa na jibu la kujivunia.

"Nilitaka wiki yangu iishe salama," alisema.

Nchagwa alitikisa kichwa polepole, bila kumlaumu wala kumwondolea lawama, akachukua koti lake akashuka. Wengine wanne walimfuata. Watano walibaki kusubiri kazi.

Bochaberi yuko Awendo sasa. Anachora kuta chache zilizobaki, nyingi za makanisa na shule za chekechea. Huandikiana na Shu-fen, ambaye humtumia michoro ya wanafunzi wake aipe maksi, naye huipa maksi bila huruma. Nilipomuuliza kama hasira imepoa, aliniambia ile ya Momanyi imepoa, na ile ya kampuni za rangi inakuja na kuondoka. Ya Jumatano iko palepale. Hataki ipoe.